Kibodi Iliyomeza H

Wiki iliyopita binti niliyemwachia meza yangu pale ofisini alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za huku Matogoro ninakoishi, akasema ameruhusiwa kununua kibodi mpya, na mwenye duka pale mjini anamshawishi achukue isiyo na waya. "Mama, nichukue ipi?" Nilimjibu kwa neno moja, nikakata simu, kisha nikakaa barazani nikiwa nimefura kama andazi lililozidi hamira. Neno moja halikutosha. Kwa hiyo naandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mnaokaa mbele ya kompyuta toka asubuhi hadi jioni. Naandika kwa kibodi yenye waya. Waya wenyewe ni mrefu, mweusi, umekatiza katikati ya meza yangu ya chakula, na atakayeona haupendezi asije kula kwangu.

Ofisi sitaitaja. Ni ofisi ya umma, ipo Songea mjini, ina masijala iliyojaa mafaili hadi darini na korido inayonuka dawa ya sakafu. Waliomo wanajijua. Vyeo nilivyopanda na nilivyonyimwa navyo sitavitaja, maana havikunifundisha kuchapa.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana, nikakabidhiwa kwa Mama Gaudensia. Yeye ndiye alikuwa mhazili mkuu, mwanamke wa Umatengoni mwenye mikono mipana ya mkulima, na kweli kila Jumamosi alikuwa shambani. Mimi nilikuwa na cheti changu cha uhazili na kiburi kidogo. Akaniketisha mbele ya taipureta, akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakitandaza juu ya mikono yangu na mashine kwa pamoja, nikawa sioni kitu.

"Haya, chapa," akasema.

"Mama, sioni vitufe."

"Unavitazamia nini? Vitatoroka?"

Nilichapa upuuzi mtupu siku nyingi chini ya kitenge kile, huku makarani wa masijala wakichungulia mlangoni na kucheka. Lakini vidole vilijifunza njia, na vilipokwishajifunza sikuvitazama tena maisha yangu yote ya kazi. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi au kwenye mdomo wa anayenisomea. Tafadhali mlikumbuke hili, kwa sababu mbele ya safari ndilo nililoshtakiwa nalo.

Taipureta ilikuwa na kelele na ilivunja kucha, lakini ilikuwa mashine isiyo na maoni yake. Ukigonga, chuma kinanyanyuka, kinapiga utepe, herufi inabaki pale. Usipogonga, hakuna kitu. Ukikosea ni wewe umekosea, na unakwangua kwa wembe huku Mama Gaudensia amekusimamia mgongoni anapumua. Nakala ikishatoka alikuwa anaweka rula chini ya kila mstari, anasoma neno kwa neno kwa sauti ndogo kama anayesali rozari, na hakuna karatasi iliyovuka mlango wake bila kupita kwenye rula ile. Alipostaafu akaniachia. Ni ya mbao, imeliwa pembeni, na ipo hapa mezani ninapoandika.

Kompyuta zilipoletwa nilinuna mwezi mzima, kisha nikazizoea. Zilikuja na kibodi nzito za rangi ya maziwa, zenye waya mnene. Nilizipenda kuliko nilivyokubali mbele ya watu. Ulikuwa ukigonga unasikia kitufe kinagota chini, na herufi inatokea papo hapo. Vumbi letu jekundu lilijaa kati ya vitufe, nami kila Ijumaa niliipindua kibodi na kuipiga mgongoni, zikadondoka chembe za maandazi za wiki nzima, kisha nikasugua kwa mswaki mkuukuu na spiriti. Herufi ya kwanza kufutika ilikuwa A. Kiswahili kinaila A kama watoto wanavyokula sukari, na aliyetengeneza zile kibodi bila shaka hakulijua hilo. Mgeni akija kuazima meza yangu anauliza, "Mama, A iko wapi?" Namwambia ni ile isiyoandikwa kitu.

Sisemi waya hauna ubaya. Panya wa masijala waliwahi kutafuna waya wa kibodi yangu, nikakaa siku mbili bila kazi. Mhudumu mmoja alijikwaa kwenye waya akiwa amebeba sinia la chai, na ile chai yote iliingia kwenye bajeti ya ofisi, yaani karatasi zenyewe. Waya unajisokota, unakusanya vumbi, unakulazimisha ukae pale kompyuta inapotaka. Kwa mtu anayesimama mbele ya ukumbi na kubadilisha picha ukutani, au bosi anayeandika mistari mitatu kwa siku akiwa ameegemea kiti, ile isiyo na waya ni starehe, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mtu anayempa chombo cha starehe mtu wa kazi, kisha kazi ikiharibika anamgeukia yule yule wa kazi.

Mtu huyo ni Bwana Kastori, afisa utumishi wetu, ambaye pia alisimamia vifaa vya ofisi. Namtaja jina kwa sababu Songea ina akina Kastori wengi, ajitafute mwenyewe kati yao. Tulitangaziwa kwamba kuna ugeni mkubwa unakuja. Ofisi ikapakwa rangi hadi pale macho yanapofika, wageni hawatazami juu zaidi ya hapo. Bwana Kastori akapita chumba kwa chumba akikagua, akafika kwangu, akautazama waya wa kibodi yangu kama anayetazama nyoka.

"Mama Skola, izi nyaya zinatuaibisha. Wenzetu wameama uko zamani. Tunaweka wayalesi."

Niwaambie kitu kuhusu usemi wa Bwana Kastori, maana mambo yote yatarudi hapo. Huku kwetu wengi tunaimeza h tukizungumza. "Apana," "amna shida," "ataki." Hata mimi nikichoka inaniponyoka. Hakuna anayeshangaa, kila mtu anamwelewa mwenzake, na sikio limezoea kuiweka h pale mdomo ulipoiacha. Mdomoni si kosa. Kwenye karatasi ni jambo lingine kabisa.

"Bwana Kastori," nikamwambia, "hii yangu ni nzima. Kwa nini tuibadilishe?"

"Kwa ajili ya picha, mama. Mgeni atapigwa picha apa."

Basi kibodi yangu ikatupwa stoo kwa ajili ya picha ambayo sijawahi kuiona hadi leo. Nikapewa kitu chembamba, chepesi, cheusi kinachong'aa, na kidude kidogo kama ukucha cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Ukikigonga hakisemi kitu. Tena kinatumia betri. Jamani, betri! Kuchapa barua ya serikali kwa nguvu za betri, kama rimoti ya televisheni!

Na betri zenyewe zilitolewa na Bwana Kastori kwa masharti kama dawa za nusu kaputi. Zilipokwisha ukaanza ufundi wetu wa Kitanzania. Tukazing'ata. Tukazianika dirishani juani kama dagaa, nazo zikafufuka kidogo, zikaandika ukurasa mmoja, zikafa tena. Mwisho Bwana Kastori akavumbua la kwake. Alipanda juu ya kiti, akachomoa betri nzuri kwenye saa ya ukutani, akaiweka kwenye kibodi yangu pamoja na nyingine aliyoitoa sijui wapi, na ile iliyochoka akaipandisha kwenye saa. "Saa aiitaji nguvu nyingi," akasema akishuka na kujifuta mikono. Ni kweli, saa ilitembea. Ilitembea kwa kujikokota.

Sasa sikilizeni kasoro ya kibodi ile, kwa sababu mwenye duka hatawaambia. Ili isimalize betri, ukiacha kuigusa kwa muda inalala. Ukirudi kuchapa, kitufe cha kwanza hakiandiki. Kitufe cha kwanza kinaiamsha tu, na herufi inapotelea huko huko. Huenda zipo za bei kubwa zisizofanya hivyo, na betri zikiwa mpya hata yangu ilijitahidi, lakini kwa betri zilizoanikwa juani ilimeza karibu kila mara. Unatulia kidogo unasoma mwandiko, unaandika "kwamba," inatoka "wamba." Unaandika "Ruvuma," inatoka "uvuma." Nikawa narudi nyuma na kusahihisha kutwa nzima, mimi ambaye nilifundishwa chini ya kitenge. Nilimlalamikia Bwana Kastori mara nyingi nikiomba kibodi yangu kutoka stoo. Alikuwa anacheka. "Mama unaogopa teknolojia." Mimi! Niliyejifunza mashine tatu tofauti wakati yeye anajifunza kufunga tai.

Na msidhani kompyuta ingenisaidia kuona kosa. Kompyuta zetu hazijui Kiswahili. Zinapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, sahihi na lisilo sahihi, hadi ukurasa unafanana na kuku aliyechinjwa. Ukishafanya kazi miaka na mistari ile, huioni tena.

Sasa niwalete kwa Zuhura. Alikuwa mhudumu wa masijala, binti wa Tunduru kwa wakulima wa korosho, amepanga chumba Bombambili na mwanawe mdogo wa kike. Alikuwa kazini kwa mkataba. Faili lolote ukilitaka, hajamaliza kusema "Bismillahi" ameshalishika. Kila asubuhi alipita kwangu kunisalimu, na kila asubuhi alikuta nimeshamwekea kiporo cha muhogo, kwa sababu nilijua anaondoka nyumbani bila kula ili mtoto ale.

Bwana Kastori alikuwa ametoa amri kwamba saa ya ofisi ni ile ya ukutani, si simu za watu, maana kila mchelewaji alikuwa na simu inayomtetea. Zuhura aliitii amri. Siku ya ugeni, ambao ulikuwa umeahirishwa kwa miezi, alikwenda kula mchana nyuma ya jengo, akarudi kwa saa ya ukutani akiwa na muda wa kutosha, akakuta wageni wameshapita masijala, wamekuta kufuli, na Mkuu wetu mpya ameaibika mbele yao. Saa ilikuwa nyuma. Ilikuwa nyuma kwa sababu ya betri, na betri ilikuwa pale kwa sababu ya kibodi yangu. Zuhura akaandikiwa shitaka la kutokuwepo kituo cha kazi, na shitaka lilisainiwa na yule yule aliyepanda juu ya kiti.

Kamati ya nidhamu ilikaa. Mimi nilikuwa ndani nikichukua mwandiko. Wajumbe walikuwa watu wa haki. Mmoja wao alitazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi, akaguna. Wakaamua Zuhura apewe onyo, basi, na aendelee na kazi. Hata onyo lenyewe liliniuma, lakini nilimshukuru Mungu. Nikarudi mezani kuchapa muhtasari, na Bwana Kastori, ambaye alikuwa katibu wa kamati, akaja kusimama nyuma yangu.

Niliandika "Kamati imeamua kwamba Bi. Zuhura aendelee na kazi." Akasema hapana, iyo si lugha ya utumishi. Futa. Nikafuta hadi kwenye jina. Akashika kidevu akitafuta lugha ya utumishi. Akiwa bado anaitafuta, simu yake ikaita, akaongea na mtu wa mahindi ya Namtumbo, wakabishana kuhusu magunia, mimi nimekaa mikono juu ya vitufe nikisubiri, na kibodi nayo ikalala. Akakata simu.

"Andika: atasitishiwa mkataba."

Nilimwelewa. Nani asingemwelewa? Nilikuwa nimetoka kwenye kikao kile kile. Sikio langu likairudisha h mahali pake, vidole vyangu vikachapa hatasitishiwa, macho yangu yakiwa kwenye mwandiko wangu wa kikao kuangalia kinachofuata. Nikamalizia. Yeye akainama akasoma kwenye kioo, kwa sauti: "Kamati imeamua kwamba Bi. Zuhura atasitishiwa mkataba, na atapewa onyo. Sawa kabisa. Toa."

Nikatoa. Rula yangu ilikuwa tayari mkononi. Lakini karatasi ilitoka kwenye printa ikaingia moja kwa moja mkononi mwake, bado ya moto, akasaini akiwa amesimama, akaenda nayo kwa Mkuu. Nilimwita. "Bwana Kastori, sijaisoma." Akanipungia mkono bila kugeuka. Alikuwa anawahi gari la Dodoma.

Herufi moja. Ukiwaza vizuri inatisha. Hataki ukiondoa h inabaki ataki, si neno, mtu atashtuka. Hajafika inabaki ajafika, mtu atashtuka. Lakini wakati ujao wa lugha yetu hauna ulinzi. Hataondoka na ataondoka, hatalipa na atalipa, hatasitishiwa na atasitishiwa. Yote ni maneno kamili, yamevaa vizuri, na kati ya moja na jingine kuna h peke yake, pumzi tu. Kwenye pumzi ile ndipo ulipokaa mkate wa Zuhura na wa mwanawe.

Kesho yake nilikwenda Mbinga msibani. Nilikaa wiki. Niliporudi sikuletewa shikamoo asubuhi, na muhogo wangu ukapoa. Nikauliza. Wakaniambia Zuhura alishaondoka, Mkuu amesitisha mkataba wake kama kamati ilivyoamua. Barua ilichapwa kwenye ofisi ya Mkuu mwenyewe. Nilidhani wananitania. Nikaenda masijala, nikaomba muhtasari, nikaweka rula chini ya mstari, nikasoma. Nikakaa juu ya kasha la mafaili.

Jioni nilimfuata Bombambili. Alikuwa amekaa kizingitini anasonga nywele za mtoto, begi la nguo limefungwa nyuma yake.

"Shikamoo mama. Nilijua utakuja."

"Marahaba mwanangu. Zuhura, wewe hukufukuzwa. Kamati ilisema ubaki."

Aliacha kusonga. "Mama, mimi nimepewa barua. Yaliyosemwa ndani siyajui. Mwenye nyumba naye anataka barua, hataki yaliyosemwa." Kisha akaendelea kusonga. Mtoto akauliza kama nimeleta muhogo.

Sijawahi kupandwa na hasira vile. Bwana Kastori aliporudi kutoka Dodoma nilikuwa mlangoni kwake kabla hajaweka mkoba chini. Nilimwonyesha mstari. Akausoma, akausoma tena, rangi ikambadilika. Kwa dakika hiyo moja nilimwonea huruma, maana niliona ameelewa na ameumia. Ila hakukaa na maumivu. Akafunga mlango.

"Mama Skola, jambo ili linaweza kwisha leo leo. Andika maelezo kwamba ulikosea kuchapa."

"Sikukosea. Kibodi imekula herufi. Nilikwambia inakula."

"Tuijaribu basi."

Tukaenda mezani kwangu. Tukaiacha ilale. Nikachapa hatasitishiwa. Ikatoka yote, h yake mbele, inang'aa. Nikarudia. Ikatoka yote. Nikaipindua, nikafungua tumbo lake. Mtu alikuwa ameweka betri mpya! Wiki ile nilipokuwa msibani, aliyenishikia meza alinung'unika akapewa mpya siku hiyo hiyo, wakati mimi nilikuwa naanika za kwangu dirishani.

"Unaona," akasema Bwana Kastori, tena kwa upole, na huo upole ndio ulionikera zaidi. "Nani ataamini kibodi imekula h? Mama, wewe unastaafu mwezi ujao. Akuna kitakachokupata. Ukiandika ni macho, ni umri, Mkuu anaelewa, binti anarudi kesho. Ukibisha, kamati iitwe upya, mwenyekiti ameamishiwa mkoa mwingine, tutakaa miezi."

"Na wewe uliyesoma kwa sauti, ukasaini?"

"Mimi nilisoma vizuri. Nilisoma atasitishiwa."

Na aliitamka hivyo hivyo, bila h, akimaanisha yenye h. Sikujua nicheke au nimrushie rula.

Nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza ukweli. Alikuwa kijana mstaarabu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa heshima zote kama nimepima macho hivi karibuni. Macho yangu! Macho yanayotoa jongoo kwenye kilo tano za maharage mengine yakiwa meusi kama jongoo mwenyewe! Nikatoka.

Nililala na jambo lile siku mbili. Upande mmoja lilikuwa jina langu. Watu wanaodhani jina la mchapaji ni kitu kidogo hawajawahi kuchapa. Sisi hatuachi majengo wala barabara. Tunachoacha ni kwamba karatasi iliyopita mikononi mwetu ilikuwa sahihi. Mama Gaudensia alizikwa na jina lake hilo likiwa safi, nami nilitaka langu. Upande wa pili lilikuwa begi la nguo kizingitini Bombambili.

Siku ya tatu nikachapa maelezo. Kwamba mimi, Skolastika, kutokana na umri na uoni hafifu, niliacha herufi moja kwa uzembe, naomba radhi. Niliyachapa kwa kibodi ile ile ya betri, na haikumeza hata nukta. Nikayapitisha kwenye rula. Yalikuwa sahihi kila neno, na hayakuwa na ukweli hata kidogo. Kesho yake Zuhura alirudi masijala, akasimama mlangoni kwangu akalia, nami nikamwambia aache kulowesha mafaili. Hakujua nilichoandika. Wengine wote walijua. Kuanzia siku ile, mwezi wangu wa mwisho kazini, vijana niliowafundisha wakawa wanachukua kazi yangu na kuisoma upya pembeni, kwa kunisitiri, wakidhani sioni.

Ndiyo maana naandika. Maelezo yale nayafuta leo. Sikukosea. Wapo waliozoea kuona mstaafu akikaa chini na kuungama. Mimi niliungama nikiwa kazini, dhambi isiyo yangu, na sasa naitaka irudi kwa mwenyewe.

Waliniaga vizuri, sitasema uongo. Kulikuwa na pilau, soda na vitenge. Bwana Kastori alisimama akasoma cheti cha shukrani kilichowekwa kwenye fremu ya kioo. Nilisikia utumishi uliotukuka, nikasikia uadilifu, kisha akapandisha sauti: "Kwa usaii wake katika kazi, Mama Skolastika atasaaulika!" Watu wakapiga makofi na vigelegele, nami nikalia kidogo, kwa sababu sikio langu, kama kawaida yake, liliweka kila h mahali pake.

Nyumbani nilikitundika sebuleni bila kukisoma. Nilikuwa nimechoka.

Zuhura alikuja kunitembelea Matogoro mwezi uliofuata, na mfuko wa korosho kutoka kwao na mtoto mgongoni. Alikuwa ameshasikia ofisini kuhusu maelezo yangu, na alikuja kunigombeza. Alianza kunigombeza hata kabla ya kukaa, kisha akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa anatazama ukutani.

"Mama, umekisoma hiki?"

Nikachukua miwani. Nikachukua na rula. Kilikuwa kimechapwa kwa herufi nzuri za kulala, na chini yake sahihi ya Bwana Kastori, kubwa, yenye mkia: *Kwa usahihi wake katika kazi, Mama Skolastika atasahaulika.*

Zuhura alikuwa ameshatoa kalamu kwenye mkoba. "Nifungue fremu niiweke? Ni h moja tu mama, haitaonekana."

"Iache hivyo hivyo," nikamwambia. "Hiyo safari, aliyekuwa kwenye kiti cha kuchapa si mimi."